UZI: Mkono wa mwamuzi wa pembeni ndiyo saa yenyewe (mpira wa Kimarekani)

Mshika_Kibendera (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila Super Bowl (fainali ya NFL, ligi kubwa ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani) ikikaribia humu ndani linaibuka swali lile lile: hivi saa ya hawa jamaa inasimama na kutembea kwa utaratibu gani? Nimepitia majibu ya miaka iliyopita, mengine ni chai ya rangi bila sukari. Nikasema ngoja nikae chini niandike.

Kidogo kuhusu mimi. Kabla ya kuja huku Ohio mwaka 2011 nilikuwa nashika kibendera kwenye ligi ya wilaya Morogoro. Tangu 2016 nachezesha mpira wa Kimarekani wa sekondari, Ijumaa usiku, kuanzia mwisho wa Agosti hadi baridi inapoanza kung'ata masikio. Tunakuwa waamuzi watano, mimi nakaa pembeni. Jezi ni ya mistari myeusi na myeupe, ndiyo maana huku wanatuita pundamilia. Sitafundisha mchezo mzima, sina ubavu huo. Naongelea sehemu moja tu: saa inapokutana na mstari wa pembeni.

Kwanza usahau mstari wa soka. Kwetu mstari ni sehemu ya uwanja, mpira hadi uvuke wote ndipo unyanyue kibendera. Huku mstari wenyewe ni nje. Mwenye mpira akigusa ile rangi nyeupe kwa ncha ya kiatu, katoka. Mechi yangu ya kwanza kabisa kuna dogo alikanyaga nyeupe mbele ya macho yangu, nikamwacha akatambaa yadi ishirini zaidi, roho yangu safi kabisa. Mwenzangu wa nyuma ndiye aliyepuliza. Yule dogo mwenyewe alinishangaa.

Sasa saa. Inahesabu kurudi nyuma: sekondari robo nne za dakika 12, vyuo na NFL dakika 15. Mwenye mpira akiangushwa ndani ya uwanja, saa inaendelea kutembea huku watu wanajipanga upya. Pasi isipodakwa, inasimama. Mwenye mpira akitoka nje, inasimama pia. Kwa hiyo timu iliyo nyuma kwa alama, dakika moja imebaki na taimauti (nafasi za kuomba saa isimame) zimeisha, inacheza kwa kukimbilia pembeni. Timu inayoongoza inafanya kinyume chake, kocha anapiga kelele hadi sauti inakauka: kaa ndani, kaa ndani!

Na nani anayesimamisha? Mtu wa saa anakaa juu kwenye kibanda. Kwenye shule nyingi ni mwalimu au mzazi aliyejitolea. Yule haangalii mpira kwa ajili ya saa, anaangalia mikono yetu. Nikipunga mikono yote miwili juu ya kichwa, ikipishana mara mbili tatu, anakata. Nikizungusha mkono mmoja duara kubwa, kama mtu anayewasha trekta la zamani kwa hendeli, anaiacha itembee. Ubao unaoonekana na watu elfu tatu unasubiri bega langu.

Hapo bado ni rahisi. Ugumu uko kwenye kitu ambacho mimi kwa Kiswahili nakiita "alipofikia". Mwenye mpira akikutana na mkabaji akasukumwa nyuma, tunampa ile sehemu ya mbele kabisa aliyofika kabla ya kusukumwa. Ni haki yake. Lakini haki hiyo ina bei. Kama alipofikia ni ndani ya uwanja, na nguvu ya mkabaji ndiyo iliyomrudisha nyuma na kumtoa nje, basi kwa sheria hakutoka nje. Kazi iliishia pale alipozuiwa. Saa inatembea, hata kama wewe jukwaani umemwona kalala kwenye miguu ya wapiga picha.

Akitoka mwenyewe, au akisukumwa kwenda pembeni au mbele huku bado anasonga, hapo katoka kweli. Saa inasimama.

Tofauti kati ya hayo mawili ni kama nusu sekunde na hatua moja ya kiatu.

Nitaleta kisa changu baadaye nikitoka kazini. Karibuni.

Kiroboto_wa_Kkoo

Nimeweka kiti cha plastiki mstari wa mbele. Endelea mkuu.

Ngosha_Mkimya

Mkuu umeeleza vizuri ila huo mchezo mimi umenishinda. Dakika 60 unachukua saa tatu na ushee, nusu yake matangazo ya bia. Soka dakika 90 na mtu anawahi daladala.

Mshika_Kibendera

@Ngosha_Mkimya hapo sikupingi, matangazo ni kero hata kwetu. Ila sekondari hakuna matangazo ya TV. Tunaanza saa moja usiku, na mambo yakienda vizuri saa tatu na nusu niko kwenye gari nakula ndizi.

Bwana_Chokaa

Swali. Umesema akitoka nje saa inasimama. Mbona kwenye NFL naona jamaa katoka nje kabisa, halafu saa inaanza kutembea kabla hawajacheza? Au macho yangu?

Mshika_Kibendera

Macho yako mazima. Nilikiruka hicho makusudi ili nisiwachoshe.

Inategemea ngazi. Sekondari, kwa sheria tunazotumia sisi na majimbo karibu yote, ukitoka nje saa inasimama hadi mpira uanzishwe tena, iwe robo ya kwanza au ya nne. Vyuo, tangu 2008, inasimama, halafu mpira ukishawekwa tayari refa mkuu anazungusha mkono na inaanza kutembea hata kama hawajacheza. Isipokuwa dakika 2 za mwisho za kila nusu, hapo inasubiri mpira uanzishwe. NFL ni hivyo hivyo, ila kwao ni dakika 2 za mwisho za nusu ya kwanza na dakika 5 za mwisho za nusu ya pili.

Kwa hiyo mchezaji wa NFL anayekimbilia nje robo ya pili ikiwa na dakika nane hajaokoa kitu cha maana. Kaokoa mbavu zake tu.

Mkiritimba_KE

Niingilie kidogo kama mtu wa raga. Hata kwetu mstari ni nje, ukiukanyaga umekwenda. Na kitu kingine tunachofanana: king'ora kikilia mchezo haukatiki pale pale, unaendelea hadi mpira ufe. Ndiyo sababu timu inayoongoza inaupiga nje kwa raha zake baada ya king'ora na watu wanaanza kukumbatiana. Sisi tulioangalia Kenya ikiifunga Fiji 30-7 kule Singapore 2016 tunajua utamu wa saa kuisha ukiwa mbele.

Mshika_Kibendera

@Mkiritimba_KE umenipa daraja zuri. Huku pia saa ikisoma sufuri mpira ukiwa hai, mchezo unaendelea hadi ufe. Na kuna mechi moja inayobeba habari yote hii: mstari, sekunde na sufuri. Vyuo vya Auburn na Alabama, tarehe 30 Novemba 2013, uwanja wa Jordan-Hare.

Ni 28 kwa 28. T.J. Yeldon wa Alabama anakimbia na mpira, anatolewa nje pembeni, saa inasoma 0:00. Watu wanajiandaa na muda wa ziada. Kocha wa Alabama, Nick Saban, anadai kuna sekunde imeliwa. Waamuzi wanarudi kwenye video: kweli, mguu uligusa nje sekunde moja ikiwa bado ipo. Wanairudisha. Moja tu.

Saban anaitumia kupiga mpira kwenye milingoti kutoka yadi 57. Unapungukiwa nguvu. Chris Davis wa Auburn kasimama nyuma kabisa chini ya milingoti, anaudaka, anaanza kukimbia kandokando ya mstari wa kushoto. Saa imeshakwisha lakini mpira uko hai. Anakwenda nao hadi mwisho wa pili. 34-28.

Kila nikiangalia kile kipande, wenzangu wanamwangalia Davis. Mimi namwangalia pundamilia anayekimbia pembeni yake. Macho yote kwenye viatu. Angekanyaga nyeupe hata mara moja, kungekuwa na muda wa ziada.

Kiroboto_wa_Kkoo

Yaani kocha kagombania sekunde mwenyewe halafu ndiyo ikamzika 😂😂 Ya Mungu mengi.

BintiKilosa

Niko Dallas, mwanangu anacheza mwaka wake wa kwanza, anakaba. Mimi huwa naenda na blanketi na karanga, napiga kelele wenzangu wakipiga. Leo ndiyo mara ya kwanza naelewa kitu. Ila mbona kwetu saa inafanya kama ulivyosema ya vyuo? Inasimama halafu refa anaiwasha kabla hawajacheza. Na huyu ni mtoto wa sekondari.

Mshika_Kibendera

Dada, hongera kwa kuangalia vizuri. Ni kwa sababu uko Texas. Sekondari za huko zinachezwa kwa sheria za vyuo. Mimi nikiletwa huko kesho nachezesha robo nzima kimakosa na jukwaa lenu linanila nyama.

Refa_Mstaafu_Tanga

Nimesoma kwa makini. Mimi nimekuwa mwamuzi wa akiba mechi nyingi, nimeinua ule ubao wa dakika za nyongeza huku chupa za maji zinapita sikioni. Watu wanadhani mwamuzi wa akiba ndiye anayepanga dakika. Hapana. Refa wa kati ndiye anayeamua, ananiambia, mimi naandika na kuonyesha. Na zile ni dakika za chini kabisa: anaweza kuongeza, hawezi kupunguza.

Tofauti ninayoiona ni kwamba kwetu saa iko kwenye mkono wa mtu mmoja na hakuna anayeiona. Ndiyo maana mambo kama ya Limbe, Cameroon, yakatokea, AFCON, Januari 2022, Tunisia na Mali. Refa Janny Sikazwe kapuliza dakika ya 85, wakaendelea, akapuliza tena sekunde kadhaa kabla ya 90 kutimia. Mali walikuwa wanaongoza 1-0. Baadaye wakataka timu zirudi kumalizia, Tunisia hawakutoka, matokeo yakabaki. Yule baba alipatwa na joto kali, alieleza mwenyewe. Lakini uwanja mzima haukuwa na saa nyingine yenye nguvu ya kusema "bado".

Ngosha_Mkimya

Mzee wangu umenikumbusha mbali. Basi soka nao waweke saa ya kusimama, mbona rahisi.

Mshika_Kibendera

@Ngosha_Mkimya huku walishajaribu. MLS, ligi ya soka ya huku, ilipoanza mwaka 1996 saa yao ilikuwa inahesabu kurudi nyuma na kusimama. Ilipofika mwisho wa msimu wa 1999 wakaachana nayo, wakamrudishia refa saa yake.

Haya, kisa nilichoahidi. Majina ya shule nayaacha.

Ilikuwa msimu wangu wa tatu. Robo ya nne, weupe (nawaita kwa rangi ya jezi) wako nyuma kwa alama 4, hawana taimauti hata moja. Saa inasoma kama sekunde 22. Kwotabeki, mrusha pasi wao, anarusha pasi fupi upande wangu, dogo anaidaka yadi sita mbele, mgongo ukiangalia mstari. Mkabaji anafika pale pale, anamkumbatia, anamnyanyua kidogo, anamrudisha nyuma hatua mbili tatu, wanaanguka wote nje. Hakuwa amefikisha yadi za kupata jaribio jipya (timu ina majaribio manne ya kusonga yadi 10, ikifikisha inaanza kuhesabiwa upya). (Hilo nalo lina mambo yake: sekondari jaribio jipya linasimamisha saa kwa muda hadi refa aiwashe. Lakini hapa halikuwepo.)

Mlio wa ile helmeti ikigonga ardhi karibu na kiatu changu nausikia hadi leo. Mikono yangu ikaenda juu yenyewe. Pa, pa, pa. Saa ikakatwa kwenye 19.

Nilijua nimeharibu kabla mikono haijashuka. Yule mtoto alizuiwa ndani. Alipofikia palikuwa ndani ya mstari kwa yadi nzima na zaidi, tena nilikuwa nimeshaweka mguu wangu pale pale kuonyesha mpira uwekwe wapi! Mguu unasema ndani, mikono inasema nje. Kocha wa wekundu alikuwa nyuma yangu anapiga kelele "zungusha! zungusha!" na safari ile alikuwa sahihi.

Saa ingetembea, weupe wangekimbia kujipanga na pengine wangebakiwa na sekunde nane hivi. Badala yake walikaa, wakapumua, wakapanga. Wakapata pasi mbili za kwenda eneo la mwisho, la kufungia alama. Ya kwanza ilikwenda juu. Ya pili ilimgonga dogo wao kifuani, mikono yote miwili iko tayari, ikadondoka.

Mechi ikaisha, wekundu wakashinda, kocha wao akanipa mkono akicheka. Hakuna aliyekumbuka tena. Ila Jumapili mkuu wa kundi letu alituita kuangalia video kama kawaida. Alisimamisha kipande kile, akakirudisha, akakisimamisha tena. Hakugomba. Akasema tu mikono yangu ilifika kabla ya macho.

Na mimi nilijua imetoka wapi. Miaka ya kibendera Morogoro: kitu kikivuka mstari, mkono juu. Mwili haukuuliza kimevuka vipi.

Refa_Mstaafu_Tanga

Hiyo ni kweli kabisa. Mshika kibendera mzuri wa siku hizi anafundishwa kuchelewesha. Zamani tulisifiwa kwa wepesi.

Bwana_Chokaa

Hakukuwa na namna ya kusahihisha? Refa mkuu si angesema saa itembee?

Mshika_Kibendera

Angeweza. Refa mkuu ana mamlaka ya kurekebisha kosa la wazi la saa. Ila ilibidi mimi nimwendee haraka niseme "nimekosea, alizuiwa ndani". Sikwenda. Nilikaa nimesimama na mguu wangu kwenye yadi yangu kama nguzo. Msimu wa tatu, jukwaa limejaa, unaona aibu. Leo ningekimbia.

Mkiritimba_KE

Heshima kwa kusema hilo. Sasa tuambie kazi ya pembeni unaifanyaje leo. Unaangalia nini hasa?

Mshika_Kibendera

Miguu. Mpira mara nyingi siuangalii.

Mchezo ukija upande wangu nafanya kitu ambacho mtu wa soka kinamkera: narudi nyuma. Natoka kabisa nje ya mstari, nawapa nafasi. Ukibaki karibu utavunjwa goti, halafu ukiwa karibu sana huoni kiatu, unaona jezi. Nawaacha wapite, kisha naingia polepole kutoka pembeni hadi alipofikia. Macho hayatoki pale hata wakianza kusukumana. Wa kusukumana ana mwamuzi wake.

Halafu kabla ya mkono wowote, namtafuta mwenzangu wa nyuma kwa macho. Hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mmoja akizungusha na mwingine akipunga, mtu wa saa kule juu anakuwa na mabosi wawili. Atachagua mmoja, na benchi moja litaingia uwanjani. Tunapeana kichwa tu, kidogo, ndiyo au hapana.

Nikiwa na uhakika kazuiwa ndani, nazungusha mkono mara mbili, kubwa, ili hata bibi aliyeko safu ya juu ajue ni makusudi. Nikiona katoka, napunga.

Na benchi je? Pembeni kuna ukanda wa yadi mbili ambao mpira ukiwa hai hautakiwi kuwa na mtu, ni njia yetu. Makocha wanaujaa hasa dakika za mwisho, kila mmoja anataka kuona kiatu kwa macho yake. Kosa la kwanza ni onyo, linalofuata yadi 5, kisha 15. Mimi huwa nawaambia mapema, robo ya kwanza, kwa upole: mwalimu, nikikugonga nikiwa narudi nyuma mchezo ukiendelea, ni yadi 15, na hapo sitaangalia nani amekosea.

Kiroboto_wa_Kkoo

Sasa nimeelewa kwa nini Dallas Cowboys walilia ile mechi ya San Francisco. Jamaa alikimbia katikati badala ya pembeni au siyo?

Mshika_Kibendera

Ndiyo hiyo, Januari 2022. Sekunde 14, hawana taimauti, wako nyuma 23-17. Kwotabeki wa Dallas, Dak Prescott, akakimbia katikati ya uwanja, akajitupa chini. Ndani, kwa hiyo saa inatembea. Wakawahi kujipanga bila kukumbuka kwamba mwamuzi lazima aushike mpira auweke kwanza. Mwamuzi akaja anakimbia kutoka nyuma, akapenya katikati yao, akauweka, saa ikawa imekwisha.

Watu walimlaumu mwamuzi wiki nzima. Mimi nilimsikitikia, alikuwa anakimbia kweli kweli.

Na kama unataka kinyume chake, tafuta vyuo vya Texas na Nebraska, Desemba 2009, fainali ya kanda yao. Colt McCoy wa Texas anatupa mpira nje kwa makusudi kusimamisha saa, anachelewa, ubao unasoma sufuri, Nebraska wanaingia uwanjani kusherehekea. Video ikaonyesha mpira uligonga kitu nje ikiwa imebaki sekunde moja. Wakairudisha. Hunter Lawrence akapiga kutoka yadi 46, Texas 13, Nebraska 12.

BintiKilosa

Jamani nimerudi. Jana ilikuwa mechi. Safari hii sikukaa juu na akina mama wenzangu, nilishuka hadi kwenye uzio usawa wa mstari. Sikuangalia mpira, niliangalia viatu kama ulivyosema.

Dakika moja na kitu mwishoni, sisi tunaongoza kwa alama 3. Mtoto wao kadaka mpira karibu yangu kabisa, mwanangu akamfuata. Akamkumbatia, akamrudisha nyuma, wakaja wakaangukia nje karibu na uzio, nikasikia harufu ya majani. Jukwaa la wageni lote linapiga kelele saa isimame. Yule mwamuzi alikuwa ameshatoka nje, anaingia polepole, kaangalia chini, kamwangalia mwenzake, ndipo akazungusha mkono. Mara mbili.

Mama mmoja wa upande wetu akanishika bega ananiuliza kwa nini saa inatembea na mtoto katoka nje. Nikamwambia alizuiwa ndani. Akaniangalia kama nimeota pembe.

Kwenye gari nikamuuliza mwanangu, ulimrudisha nyuma makusudi? Akasema mama, kocha anatufundisha hivyo tangu Agosti. Halafu akauliza karanga zimebaki.